Bonde Lisilofikiwa na Simu

Kwenye ukuta wa chumba cha simu za dharura palikuwa na ramani kubwa ya wilaya, na mtu fulani wa zamani alikuwa amepaka rangi ya kijivu sehemu zote ambazo simu haziwezi kutoka. Zilikuwa chache: kipande cha msitu, machimbo yaliyofungwa, na huko juu milimani doa moja pana lenye umbo la kiatu. Wafanyakazi hawakulipenda doa lile. Mtu akianguka kule, walisema, hata sala yake haifiki.

Msichana aliyekaa chini ya ramani hiyo alianza kulitazama kwa hamu.

Wenzake walimwita Taratibu. Jina lilitokana na kazi. Mtu akipiga simu huku analia, yeye alimwambia kwa sauti yake ndogo, "Nakusikiliza. Sema taratibu, usikate simu," na yule mtu, hata awe nani, alishusha pumzi na kusema. Nje ya chumba kile hakuwa msemaji. Kantini alikula akiwa ameinamia sahani, na mtu akimsalimia ghafla aliona haya kana kwamba amekutwa na kitu kisicho chake. Akivaa tu vipokea sauti masikioni, haya zilimtoka. Hapo ndipo mahali pekee duniani alipojiona anafaa.

Kiangazi kilipoanza, baba mmoja alipiga simu kuhusu mtoto wake aliyetumbukia kwenye tangi la maji. Taratibu alimwongoza: mtoe, mlaze chali, bonyeza kifua, hesabu pamoja nami. Wakahesabu pamoja. Gari la wagonjwa likafika, watu wakamchukua mtoto mikononi mwake, na yule baba akaendelea kuhesabu. Hakuweza kuacha. Kwao kazini ni mwiko mpokeaji kukata simu kwanza, kwa hiyo Taratibu alibaki akimsikiliza akihesabu peke yake, mpaka mtu mwingine alipomnyang'anya simu na kuizima.

Tangu hapo alisikia simu ikiita mahali pasipo na simu. Iliita ndani ya maji ya bomba. Iliita kwenye feni, kwenye breki za magari, chini ya mto wa kulalia. Alivumilia, hakumwambia mtu, mpaka siku ile alipoiacha simu ya kweli iite mezani kwake akidhani ni ile ya kichwani.

Mkuu wa zamu, mama mmoja mnene aliyekuwa na kikohozi cha siku zote na aliyeitwa na kila mtu Mama Zamu, aliipokea kutoka kwenye meza yake mwenyewe. Alipomaliza alivuta kiti mpaka kwa Taratibu.

"Ni mtu wa nini?" Taratibu aliuliza.

"Amejikata kidole. Ataishi. Safari hii ataishi." Mama Zamu akakohoa. "Unasikia kengele?"

Taratibu akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilisikia mtoto analia ndani ya friji, miaka hiyo. Usinitazame hivyo. Chukua likizo fupi, mwanangu. Nenda mahali ambapo hakuna kitu kinachoita. Ukirudi nazo hizo kengele, nitakupeleka stoo ukahesabu betri, na sitakurudisha hapa. Sikutishi. Nakupenda, ndiyo maana."

Taratibu aliijua stoo. Haikuwa na dirisha. Lakini hakuogopa giza. Aliogopa kuwa mtu ambaye hakuna anayemhitaji aseme lolote.

Mchana ule alimfuata dereva wa gari la wagonjwa uani, akamkuta analiosha gari lake kwa sabuni. Dereva alikuwa mtu wa milima. Kila kiangazi alibeba hema na kupotea siku chache, akarudi na midomo iliyopasuka na furaha tele.

"Nataka kwenda mlimani," Taratibu alisema.

"Na nani?"

"Na begi."

Dereva akacheka, akafuta mikono kwenye suruali, akamvuta mpaka kwenye mlango wa nyuma wa gari uliokuwa umefunikwa povu. Akachora milima kwa kidole, kama vidole vya mkono uliosimama.

"Safari fupi za huku kwetu ni tatu. Ya kwanza ni ya ziwani. Njia pana, vibanda vina vitanda, jioni mnakula meza moja na watu wa kila aina. Utapata marafiki."

Taratibu alikunja uso.

"Haya, marafiki hutaki. Ya pili ni hii, mgongo wa mlima. Unatembea juu kwa juu, dunia yote iko chini yako. Watu ni wa kuhesabu. Na simu inapatikana ukipanda jiwe moja kubwa, ukanyoosha mkono kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu sikushauri."

"Ndiyo maana nauliza."

Dereva alivuta mstari kati ya vidole viwili virefu vya povu, akaushusha upande wa pili. "Unapanda mpaka kwenye kilango kati ya vilele hivi. Hapo theluji haiishi hata kiangazi. Ukivuka, unashuka bondeni. Mto, nyasi, mawe. Hakuna kibanda. Hata wachungaji wameliacha. Ni lile doa lenu la kijivu."

"Maji ya ule mto yanafaa kunywa?"

"Dada, mimi nakwambia hakuna simu, wewe unaniuliza maji!"

"Ya simu nimeyasikia."

"Ukivunjika mguu?"

"Nitatambaa."

Dereva aliligeukia gari lake. "Umesikia? Taratibu ametania!" Kisha akaacha mzaha. "Sawa. Lakini uniambie siku ya kurudi. Usipotokea siku hiyo, nakuja mwenyewe. Na kwenye simu yako rekodi ujumbe wa sauti, anayekukosa ausikie kisha aache wake, watu wasidhani umeshakufa."

Hakuwahi kuweka ujumbe kwenye simu yake, kwa kuwa hakuwahi kuiacha simu ya mtu iite bila kuipokea. Dereva alimwelekeza pa kubonyeza. Taratibu aliisogeza simu mdomoni, akaona haya, na yakamtoka maneno pekee aliyokuwa ameyazoea: "Nakusikiliza. Sema taratibu, usikate simu." Akanyamaza akitafuta ya kuongeza, na simu ikalia kuonyesha imeshahifadhi.

"Umeongea kama uko zamu!" Dereva alicheka mpaka akashika mlango. "Acha, acha hivyo hivyo. Ni wewe kabisa."

Povu likaanza kuteleza, na milima ikateleza nalo. Wote wawili walikuwa wakiufikiria mguu wa Taratibu. Hakuna aliyefikiria mwili wa mtu mwingine.

Nyumbani kwao palikuwa ghorofa ya juu, vyumba viwili na sebule iliyogawanywa na mazoea: upande wa dirisha ni cherehani ya mama, upande wa mlango ni meza ya baba. Baba alikuwa fundi wa redio. Kazi yenyewe ilikuwa imemwacha, maana redio siku hizi ikiharibika inatupwa, lakini yeye hakuwa ameiacha kazi. Alifungua redio zilizokuwa nzima, akazisafisha, akazifunga.

Mama alikuwa amelipakata begi ambalo dereva alikuwa amemwazima Taratibu, akilipunguza mkanda wa kiunoni.

"Mtu mwenye begi hili ana tumbo," alisema, pini mdomoni. "Haya niambie. Huko bondeni kuna wanaume?"

"Hakuna mtu yeyote, mama."

"Sasa unaendea nini?"

"Anaendea masafa yasiyo na mikwaruzo," baba alijibu kutoka mezani kwake. "Mwache mtoto. Kichwa nacho kinahitaji kuzimwa kipoe."

"Chako kilizimwa lini, mbona hakijawaka tena?" Mama alijinyoosha, akashika kiuno. "Jamani mgongo wangu. Leo nakufa."

Baba hapo hapo alichukua bisibisi, akaiweka sikioni kama simu. Ulikuwa mchezo wao wa kila siku tangu binti yao aajiriwe.

"Dharura, nakusikiliza. Uko wapi, mama?"

"Niko kwenye ndoa."

"Nini kimetokea?"

"Nilipata mume."

"Unapumua?"

"Kwa shida. Amenikalia upepo."

"Uso haujapinda? Hebu inua mikono yote miwili."

Mama aliinua mikono, mkasi katika mmoja, uzi katika mwingine, na wote watatu wakacheka, hata Taratibu, aliyekuwa anasikia simu ikiita ndani ya kicheko chao.

Baba aliyajua maswali yote kwa mpangilio. Alikijua pia kisa cha kikongwe mmoja, akakisimulia tena jioni ile ingawa hakuna aliyemwomba. Bibi yule alipiga simu ya dharura kwa simu mbovu. Hakusikia hata neno moja kutoka upande wa pili, lakini hakukata. Alisema anapokaa, akasema kilichompata, akaendelea kusema peke yake. Na kumbe Taratibu alikuwa anamsikia yote, na gari lilikuwa limeshaondoka.

"Chombo kinaweza kurusha kikashindwa kupokea," baba alimalizia, kama kila mara. "Mtu asiyejua anakata. Anayejua anaendelea kusema. Yule bibi angefaa kuwa fundi."

Taratibu aliichukua simu ya baba, yenye vitufe vikubwa. "Baba, kitufe cha moja ni mimi. Sasa nisikilize. Nitakuwa sipatikani. Mbili ni ofisini kwetu. Mkiwa na shida yoyote, bonyeza mbili."

"Mbili ni wageni."

"Ni wenzangu, baba."

"Sawa, mama. Mbili." Aliinua vidole viwili, akapiga saluti navyo.

"Huyo hata televisheni anabonyeza moja tu," mama alisema, akakata uzi kwa meno. "Njoo ujaribu mkanda."

Mkanda ulimkaa vizuri. Mama alimvuta kwa huo mkanda mpaka karibu, akamtazama machoni, na kwa mara moja hakutania. "Nenda ukapumzike, mwanangu. Urudi unasikia vizuri."

Alipanda peke yake. Siku ya kwanza aliwapita watu waliokuwa wanakwenda ziwani, wakamsalimia, akajibu huku anatazama viatu vyake. Njia zilipoachana, alishika ile nyembamba, na baada ya vibanda vya mwisho vya wachungaji, vilivyokuwa bila paa, hata hiyo nyembamba ilikoma. Miti ikabaki chini. Hewa ikawa nyepesi kiasi cha kuhisi moyo kooni. Kwenye kilango theluji ilikuwa ya zamani, chafu, imetobokatoboka kama mkate uliokauka, na katikati yake palilala mifupa ya kondoo aliyewahi kufika mpaka hapo na asiende mbele.

Alisimama kando ya mifupa ile, akaitoa simu. Alama ya mtandao ilikuwa imefutika. Akaizima, akaiweka chini kabisa ya begi, chini ya soksi.

Bonde halikuwa zuri kama alivyotarajia. Lilikuwa kubwa na gumu, mawe yameporomoka pande zote, na jua la kiangazi liliingia kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Alipiga hema karibu na mto. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno, na ndani ya maji yale, bila shaka yoyote, simu ilikuwa inaita.

Alilia. Alikaa mlangoni mwa hema na kulia kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu, na hapa hapakuwa na mtu. Alifikiria stoo. Alifikiria yule baba na hesabu zake. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona, alifanya kitu cha kipuuzi: aliinama juu ya mto na kuupokea. "Nakusikiliza," aliuambia. "Sema taratibu." Mto ulisema. Alikaa akiusikiliza mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuuliza swali lolote, wala hakutuma gari popote.

Kesho yake alifanya vivyo hivyo. Alichemsha chai kwenye jiko dogo la gesi, akatembea mpaka chini ya maporomoko, akarudi, akakaa. Na kuna wakati, jua likiwa juu ya bonde, mikono yake ikiwa imeshika kikombe, aligundua kwamba mto ulikuwa mto tu. Ulikuwa unapiga kelele za maji. Aligeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta inzi aliyekuwa anamsumbua. Hakuna kilichoita. Akacheka peke yake, akasema kwa sauti, "Baba, imezimika!" na mwangwi ukamrudishia.

Baadaye alijaribu sana kutoijua saa ile. Lakini jua lilikuwa juu, na alilikumbuka.

Aliondoka bondeni asubuhi iliyofuata, siku aliyomwahidi dereva. Alivuka kilango akiwa mwepesi, akashuka haraka, na alipovikaribia vile vibanda visivyo na paa alimwona mtu anapanda. Mtu huyo alikuwa amevaa viatu vya kazini, si vya mlimani. Alikuwa dereva. Alipomwona alisimama, akaweka mikono magotini, akahema.

"Nimewahi," Taratibu alisema. "Siku ni leo. Mguu mzima."

"Mama yako yuko hospitali. Yuko hai."

Alijua namna ya kupokea habari kama hizo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa wengine. Sauti yake ikatulia yenyewe. "Nini kimetokea?"

"Kiharusi. Jana, jua likiwa juu."

"Nani alipiga simu?"

"Fundi viatu wa chini yenu. Maji yalikuwa yanadondoka darini kwake, bomba la jikoni kwenu lilikuwa halijafungwa, akapanda kugombana. Jioni."

"Jua likiwa juu, na alipiga jioni." Taratibu aliyapanga maneno hayo kama anayeyaandika. "Baba alikuwa wapi?"

Dereva alitazama pembeni. "Alikuwa naye. Amekaa sakafuni, kichwa cha mama mapajani. Alikuwa na simu sikioni, dada. Nilipoingia aliniambia, 'Mmechelewa wapi?'"

Walishuka haraka. Ndani ya gari dogo la dereva, nyumba za kwanza zilipoanza kuonekana, aliitoa simu chini ya soksi na kuiwasha. Ikatetemeka mkononi, ikatulia, ikatetemeka tena. Zilikuwa jumbe za sauti, zote kutoka kwa baba. Aliiweka sikioni.

"Mwanangu, afadhali umepokea." Baba alikuwa anahema. "Ni mama yako. Nilidhani anatania. Alisema leo nakufa, nikamuuliza uko wapi, akanyamaza. Nimekosea, nilicheka kwanza. Sasa ngoja. Tuko nyumbani, unapajua. Ameanguka kutoka kwenye kiti cha cherehani. Anapumua. Uso umepinda, upande wa kulia. Mkono wa kulia hauinuki. Nimemlaza ubavu, sijampa maji. Nini tena?" Kimya. Nyuma ya kimya, bomba linamwaga maji. "Sikusikii, lakini najua unanisikia. Ni upande wangu umeharibika. Sikati."

Ujumbe wa pili ulianza katikati ya neno. "...yenyewe, si mimi niliyekata. Bado anapumua. Mlango nimeufungua ili wasihangaike."

Katika ule mwingine alikuwa hasemi naye tena. Alikuwa anasema na mama, kwa sauti ya kubembeleza, simu ikiwa imesogea kidogo. "Vumilia. Binti yako ametusikia, yeye mwenyewe, si wageni. Gari liko njiani." Na sauti ya mama, sauti ile iliyokuwa na jibu kwa kila kitu, ikajaribu kutoa neno, ikatoa kitu kizito kisicho na umbo, ikajaribu tena.

Kulikuwa na nyingine. Zote alizisikiliza mpaka mwisho, bila kukata. Kisha aliizima simu.

"Ule ujumbe wangu," alimwambia dereva. "Alinisikia nikisema namsikiliza."

Dereva alitazama barabara. Ni yeye aliyesema auache hivyo hivyo, na alikuwa ameshika usukani kwa nguvu kama anayeendesha kwenye barafu.

Wodi ilikuwa na vitanda vilivyotenganishwa kwa mapazia. Mama alikuwa cha dirishani. Nusu ya uso wake ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa imeteremka. Alimwona binti yake, jicho moja likajaa machozi, na mdomo ukafanya kazi bila kupata kitu. Mkono wa kushoto ulipapasa shuka mpaka ukafika kiunoni mwa Taratibu, pale mkanda wa begi unapokaa, ukapima kwa vidole kama umekaa sawa.

"Umekaa vizuri, mama," Taratibu alisema. "Haukunibana hata kidogo."

Daktari alikuwa ameshasema ya kusema, na muuguzi akayarudia kwa upole: mkono wa kulia hautarudi, na maneno huenda yasirudi. Angeletwa mapema kuna dawa ambayo ingejaribiwa. Hakusema zaidi.

Baba alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, hajanyoa, shati ni lile lile. Hakuwa amevunjika moyo. Alikuwa amekasirika, na hasira ilimshikilia wima.

"Wenzako ni watu wabaya," alimwambia binti yake. "Sikufichi. Wewe umewatuma, najua umewatuma mara ile ile, maana nilikupa kila kitu. Wao wakakaa wanakunywa chai. Mchana mzima! Mpaka fundi viatu ndiye akaja kuwakumbusha."

Dereva, aliyekuwa amesimama kwenye pazia, alisogea karibu. "Ni kweli, mzee," alisema. "Barabara zilifungwa. Tulichelewa. Tusamehe."

Taratibu alimgeukia. Dereva alitikisa kichwa kidogo sana: acha.

Na alitaka kuacha. Mungu alijua jinsi alivyotaka. Uongo ule ulikuwa kitu kidogo, na baba angeishi nacho maisha yake yote bila kuchomwa. Alimtazama mzee wake akiifuta midomo ya mkewe kwa kitambaa, taratibu, kwa ustadi uleule wa kusafisha redio.

"Nilijibu vizuri?" baba aliuliza bila kumtazama. "Maswali."

"Ulijibu yote vizuri, baba. Hakuna mtu amewahi kunijibu vizuri hivyo."

Baba akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Basi mimi nimeshaamua. Hiyo mbili, ifute. Hao sitawaamini tena. Mama yako akizidiwa tena nakupigia wewe, wewe peke yako. Ukiwa kazini, ukiwa usingizini, ukiwa mlimani. Wewe unasikia."

Dereva aliinamisha kichwa. Chumbani palikuwa kimya, na katika kimya kile Taratibu alitega sikio, karibu kwa kuomba, asikie simu moja ikiita popote ili apate la kufanya. Hakuna kilichoita. Alikuwa amepona kabisa.

"Baba," alisema. "Hawakuchelewa. Sikuwatuma."

"Uliwatuma."

"Sikukusikia, baba. Kule hakuna mtandao. Sikusikia hata neno moja."

Baba alimtazama kwa subira, kama anavyomtazama mteja anayemwambia redio imekufa wakati ni waya tu umechomoka. "Ulipokea, mama. Ulisema unanisikiliza. Uliniambia niseme taratibu, nisikate. Naijua sauti yako."

Taratibu alitoa simu yake mfukoni, imezimwa, kioo kikiwa cheusi, akaiweka juu ya shuka mbele ya baba, akaondoa mkono.

Baba aliitazama simu ile muda mrefu. Alikuwa fundi. Alitoa yake, ile yenye vitufe vikubwa, na kidole chake kikaelea juu ya moja bila kushuka. Mama, kutoka kwenye mto, alikifuata kidole kile kwa jicho lake zima.

Akabonyeza. Akaiweka simu sikioni.

Sauti ndogo ilisikika mpaka kwenye pazia: "Nakusikiliza. Sema taratibu, usikate simu."

Baba aliisikiliza huku anautazama mdomo wa binti yake uliofungwa. Kisha ukafuata mlio mfupi, na baada ya mlio, kimya cha chombo kinachosubiri. Aliishika simu pale pale sikioni, na hakukata.